Ijumaa Anarudi

Jumapili hiyo Mukundwa alipiga pasi kitenge kilekile mara tatu, na alipokivaa bado akaona mkunjo. Kasoro haikuwa ya kitenge, ilikuwa ya mikono. Fundi cherehani anayesifiwa Kamembe nzima, aliyewashonea maharusi wa watu mpaka akaacha kuwahesabu, leo aliishika pasi kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Saa kumi Damascène angekuja kuonana na baba yake. Na baada ya yale ya Jumatano, Mukundwa hakujua amwombee mgeni wake awahi, au apotelee njiani.

Basi tuyaseme kwanza ya Jumatano.

Damascène alikuwa mtoto wa wale waliozaliwa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, na kurudi nchini kwao ukubwani. Alikuwa na kibanda nyuma ya soko, kinatazamana na cherehani ya Mukundwa, anatengeneza simu na kuwajazia watu filamu kwenye flashi. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye filamu za zamani, zile ambazo wateja hawazitaki hata za bure. Kila wiki alitazama moja, akachukua kipande cha boksi na kalamu nene, akaandika maoni yake na kuyabandika ukutani. Mistari mitatu. Hazidishi, hapunguzi.

Kimoja kilisema: *Watu wawili wanavuta sigara na kunyamaza. Nilidhani sauti imekatika. Mwishoni nikashangaa kumbe nimelia.*

Kingine, cha filamu ya Wachina: *Mwalimu anauawa mapema, kama kawaida yao. Mwanafunzi anachukua saa nzima kukasirika. Shujaa ni yule mama muuza supu, na hakuna aliyemwambia asante.*

Watu walisoma wakisubiri simu zao, wanacheka, wanabisha. Mukundwa naye alisoma kutoka ng'ambo ya njia, miezi mitatu bila kufungua mdomo. Siku moja uvumilivu ukamwisha. Akavuka, akachukua kalamu ya mwenyewe bila hodi, akaandika chini ya kipande cha filamu ya harusi: *Gauni la bibi harusi lina vifungo saba dukani na sita kanisani. Wewe hukuona?* Damascène akasoma, akamtazama, akaitazama tena ile filamu usiku kucha. Asubuhi alimngoja mlangoni. "Ni sita kweli," alisema. "Dada, minaomba unisaidiye kuona." Jamani, yapo mapenzi yanayoanza kwa maua, haya yalianza kwa kifungo kilichopungua.

Mwaka ukapita, wakapendana mpaka soko zima likajua, isipokuwa Mzee Mudathiru, baba yake Mukundwa. Mzee alikuwa haoni, macho yake yalifunikwa na ukungu. Kila wiki, siku kipande kipya kinapotoka, baada ya swala ya alasiri binti yake alimsomea vile vipande vya mistari mitatu, alivyovipiga picha kwa simu. Hakumwambia mwandishi ni nani. Mzee alivingoja kuliko chai. "Uyu muntu ana macho," alizoea kusema. "Mungu alinyanganya yangu akamupatia."

Na Mzee alikuwa na haki ya kuhukumu, maana filamu alizijua. Zamani, kwenye ukumbi wa mabati nyuma ya soko, yeye ndiye aliyekuwa msimuliaji. Anakaa pembeni ya televisheni na maikrofoni, anawaeleza watu kinachosemwa. Walimwita Kasuku. Kihindi hakujua hata salamu, lakini wahusika wote aliwapa majina ya nyumbani na maneno matamu kuliko yao wenyewe. Waigizaji wakipaza sauti mno wakataka kumharibia hadithi, kidole gumba cha mkono wa kushoto kinaenda kwenye kitufe cha sauti, anawapunguza.

Filamu iliyompa jina ilikuwa moja ya Kihindi ambayo watu waliiita Bangili. Msichana na kijana wanapendana, wazazi wanakataa, na mwishoni msichana anapanda gari la moshi. Kijana anabaki ameketi chini na bangili yake mkononi. Hapo ukumbi wote unapokuwa umeshika roho, Kasuku anatangaza: "Musilie! Anaenda tu kukamata mama yake, amulete. Ijumaa anarudi!" Watu wanaruka, wanakumbatiana, wengine wanatoka wakiimba. Mpaka leo Kamembe, ukiachana na mtu unayetaka kumwona tena, mmoja anauliza, "Ijumaa?" na mwingine anajibu, "Ijumaa."

Sasa Damascène, mtoto wa Bukavu, hadithi za Kasuku alizisikia kwa wateja tu. Kasuku ni baba wa nani hakuuliza, na Mukundwa hakuwahi kusema, kwa kuwa jina hilo nyumbani kwao lilikuwa limezikwa siku nyingi. Jumatano ile Mukundwa alipiga picha kipande kipya harakaharaka, mteja anamsubiri, akaja kukisoma mbele ya baba yake bila kukipitia:

*Nimeipata Bangili nzima, bila msimuliaji. Yule Kasuku aliwadanganya, msichana harudi Ijumaa, harudi kabisa.*

Akaishia hapo, simu akaigeuza chini.

"Soma ya tatu," Mzee alisema. "Anaandikaka mistari tatu."

"Papa, imefutika."

"Mukundwa. Soma."

Akasoma. *Njia ya mwongo ni fupi.*

Mzee hakugomba. Aliomba maji, akanywa yote, akauliza ni nani huyo muntu. Na Mukundwa, aliyekuwa amechoka kuficha, akamwambia yote mawili kwa pamoja, kwamba ndiye Damascène wa kibanda cha simu, na kwamba anataka kumwoa.

"Akuye," alisema Mzee. "Akuye na ile filme."

*

Jumapili Damascène alifika saa kumi kasoro, shati jeupe, begi la kompyuta kifuani kama amebeba mtoto mchanga. Alikuja peke yake, hakuna mjomba, hakuna mzee wa kumtangulia. Mukundwa alipomfungulia waliangaliana tu. Macho ya kijana yalikuwa mekundu ya kukosa usingizi, na Mukundwa alitamani kumshika mkono, hata kidole kimoja, lakini baba alikuwa hatua nne nyuma na masikio yake yalikuwa mazima.

"Asalaam aleykum, Mzee," Damascène alisalimu, ulimi ukiwa mzito.

"Aleykum salaam. Ikala apa ku kiti, kijana. Ni wewe njo uliandika mimi ni muongo?"

"Njo mimi, Mzee. Désolé, unisamehe sana. Sikujua ni wewe."

"Na kama ungejua?"

Mukundwa alifumba macho. Sema hapana, alimwomba kimoyomoyo, sema usingeandika.

Damascène alijifuta jasho. "Ningeandika, Mzee. Ila singebandika ku ukuta."

Mzee Mudathiru akacheka, cheko fupi la kikohozi, na Mukundwa akapumua. "Uyu hana uoga," baba alisema. "Mwanangu, leta chai. Na wewe fungula iyo machine yako. Miaka mingi sijasikia Bangili."

Wakakaa watatu mbele ya kompyuta, Mzee ametangulia kidogo, chai ya maziwa na mandazi kwenye meza ndogo. Muziki ulipoanza, Mzee akakohoa, akaweka ngumi mbele ya mdomo kama ameshika maikrofoni. Wallahi, Kasuku akafufuka. Haoni kitu, lakini kwa sauti tu alijua kila mtu amesimama wapi. Msichana akawa Uwamwezi, kijana akawa Aimable, mjomba mbaya mwenye masharubu akawa Bwana Mustashi. Gari la moshi, kwa kuwa wakati ule watu wa Kamembe hawakuwa wameliona, alilisimulia vilevile kama zamani, "basi refu".

"Bwana Mustashi anasema, Aimable, we unakula nini? Aimable anajibu, nakula mapendo na sambaza, dagaa ya ziwa letu!"

Damascène alicheka mpaka chai ikamwagika. Mukundwa akacheka, na katika kucheka mabega yao yakagusana nyuma ya kiti cha Mzee, hawakuyaondoa. Alikuwa hajamsikia baba yake hivi tangu mama yake alipofariki. Moyo ukaanza kumdanganya. Ukamwambia, ona, wamependana hawa wawili, mambo yamekwisha.

Filamu ilipokaribia mwisho, Mzee akainua mkono. "Simamisha apo."

Damascène akasimamisha. Picha ikaganda, msichana yuko kwenye ngazi ya gari la moshi, kitambaa kinapepea.

"Sasa tuongee," Mzee alisema. "Unataka binti yangu."

"Ndiyo, Mzee. Kwa moyo wangu wote."

"Mambo ya dini, mimi na wewe tungeyaongea, tungeyamaliza. Mambo ya iyo kipande cha boksi nimekusamehe. Mimi nakuuliza kitu moja tu. Maman yako anasema nini?"

Mukundwa alihisi bega la Damascène likikakamaa. Yeye jibu alilijua. Wiki mbili zilizopita Damascène alikwenda Gashonga kwa mama yake, Maman Védastine, akamkuta anapalilia muhogo, akamweleza. Mama hakuacha jembe. Alimwambia: siku utaoa uyo Mwislamu, uhesabu nilikufa. Usikanyage apa, mimi sitakanyaga kwako. Damascène alirudi kwenye pikipiki akilia mchana kweupe, ndivyo alivyomwambia Mukundwa mwenyewe.

"Maman…" Damascène alianza. Akamtazama Mukundwa, mtazamo wa mtu anayeomba ruhusa. "Maman atakubali, Mzee. Kwa sasa bado kidogo. Ila pole pole atakubali. Tukipata mutoto, atakuya tu."

Mzee Mudathiru aligeuza uso wake usioona, akamwelekea.

"Atakuya Ijumaa gani?"

Damascène alikirudisha kikombe mezani.

"Unaona," Mzee alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomtisha Mukundwa. "Uliandika ku ukuta, Kasuku ni muongo. Leo uko umekaa ku kiti yangu, na uongo ni ileile yangu. Sikukasirikii. Ata mimi niliisema kwa mapendo."

"Papa," Mukundwa aliita.

"Nyamaza kidogo, mwanangu. Ajue." Akaegemea kiti. "Mama ya uyu alikuwa anaitwa Joséphine, mutoto wa kule Mururu. Bakristo. Siku ile alikuya mu ukumbi kuniaga. Kwao balishamukatalia, kesho yake asubuhi alikuwa anaenda. Aliikala mbele, analia. Na filme ilikuwa iyi. Nikaona uyu msichana anapanda basi, nikaona Joséphine naye anasimama atoke. Nikashika maikro. Nikasema, musilie, anaenda kukamata mama yake, Ijumaa anarudi. Bantu bote balifikiri naongea ya filme. Nilikuwa naongea na muntu moja tu. Na akaikala, hakuenda. Tukaoana."

Kwa mbali pikipiki ilipiga honi, ikapita.

"Akaniuliza, kweli mama yangu atakuya? Nikamwambia atakuya. Lini? Nikasema Ijumaa. Ikawa mchezo yetu. Ila yeye hakucheza, kijana. Kila Ijumaa alipika, akaweka sahani moja ya zaidi. Miaka kumi na tano. Mururu ni wapi? Robo saa na pikipiki. Mama yake hakukanyaga. Akaugua, akafa, tukamuzika, hakuna ata muntu moja wa kwao. Umesema njia ya muongo ni fupi. Yangu ilikuwa miaka kumi na tano, na aliyeitembea si mimi."

Mukundwa alikuwa analia. Ile sahani aliikumbuka, ya bati, yenye ua la bluu. Alikuwa na miaka kumi na minne siku mama alipomwomba amgeuzie kitanda kielekee mlangoni, na ilikuwa Ijumaa.

"Papa, mimi si Maman!"

"Najua. Wewe njo ulimuona. Uyu kijana anapenda mama yake, nasikia mu sauti. Atamungojea. Kama unaweza kumuangalia akingoja, vile uliangalia Joséphine, sema sasa hivi, nitakupatia na baraka zangu zote. Sitakatala. Haki ya Mungu, sitakatala." Akapapasa meza mpaka akaifikia kompyuta. "Kwanza tumalize filme, kisha useme. Weka."

Damascène alibonyeza. Gari la moshi likapiga mluzi. Msichana akapiga kelele jina la mpenzi wake, kelele ambayo Kamembe haijawahi kuisikia. Mukundwa aliutazama mkono wa kushoto wa baba yake, kidole gumba, akingoja kiende kwenye kitufe. Mkono ulitulia juu ya goti. Kelele ikajaa chumba.

Fanya, Papa, alimwomba ndani kwa ndani. Dunia nzima ikuite mwongo, sema mara moja tu.

"Basi refu linaondoka," Mzee alisimulia, sauti imepasuka. "Aimable anakimbia. Amechoka. Anaanguka. Amebaki na bangili." Muziki ukalia peke yake. "Uwamwezi ameenda. Harudi."

*

Mukundwa alimsindikiza Damascène mpaka kwenye lango la mabati. Jua lilikuwa linashuka upande wa Bukavu, ziwa lote linametameta, na Mukundwa alilichukia kwa uzuri wake.

"Sema kitu," Damascène alimwomba. "Unitukane ata."

"Maman yako hatakuya, Damascène."

"Najua."

"Na wewe utamungojea."

Damascène alitaka kukataa. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini alikuwa mtu wa mistari mitatu, uongo wa leo ulikuwa umeshamtosha. "Nitamungojea," alisema. "Ni mama yangu."

"Mimi nilishaona muntu anangojea mpaka anakufa. Nakupenda, unasikia? Nakupenda kupita vile nilijua muntu anaweza kupenda. Njo maana siwezi. Nitakuangalia ukitazama mlango kila siku, na nitajua ni juu yangu."

Damascène alilia bila kuficha uso. Akanyoosha kidole, akagusa kifungo cha juu cha blauzi ya Mukundwa, akashuka navyo kimoja kimoja bila kuvifungua, anahesabu. "Saba," alinong'ona. "Viko vyote saba." Akaliweka begi kifuani, akapiga hatua mbili, akageuka.

"Ijumaa?" aliuliza.

Kamembe nzima ingejibu bila kufikiri. Hata mtoto wa chekechea angejibu. Mukundwa, binti wa Kasuku, alifungua mdomo, na neno lile moja jepesi lilikataa kutoka.

"Mwendo mwema, Damascène," alisema.

Jumatatu kibanda hakikufunguliwa. Jumanne mtu wa jirani alisema kijana amevuka daraja la mpakani na vitu vyake, amerudi Bukavu. Vipande vyote vya boksi vilikuwa vimebanduliwa ukutani isipokuwa kimoja kipya. *Nimeitazama Bangili tena, safari hii na msimuliaji. Msichana anaondoka kwa sababu anapenda.* Mistari miwili tu. Watu walisimama kuutafuta wa tatu, wengine wakageuza boksi nyuma wakidhani umeandikwa huko. Mukundwa alikaa kwenye cherehani yake, akashona shuka la mteja moja kwa moja mpaka pembeni, akalifumua, akalishona upya.

Ijumaa Mzee Mudathiru alirudi kutoka msikitini akiongozwa na jirani, akavua viatu, akaketi kwenye mkeka. Mukundwa alikuwa amekaanga sambaza na kusonga ugali. Akaleta maji ya kunawa, akapakua. Sahani ya kwanza ikagusa mkeka, ya pili ikagusa. Kisha kulikuwa na mlio mwembamba wa bati.

Mzee aliinua kichwa, akasikiliza.

"Umeweka sahani ngapi, mwanangu?"

Mukundwa aliitazama ile yenye ua la bluu.

"Mbili, Papa," alisema.